Mfinyanzi Hulia Gaeni: Kusoma Viraka kutoka Kasulu na Kibondo

Methali za Kiswahili zina ugomvi wao wa siku nyingi kuhusu kitu kilichoharibika. Ya kwanza inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ya pili inajibu kwamba la kuvunda halina ubani. Ya tatu haibishani na mtu, inasema tu kuwa mfinyanzi hulia gaeni. Shuleni tuliziandika kwenye daftari kila moja na maana yake pembeni, tukajibia mtihani, tukazisahau. Lakini hebu zikutanishe uone. Kilichoharibika kizibwe, kiachwe, au kitumike hivyohivyo kilivyo?

Leo nataka tuupeleke mjadala huu Kasulu na Kibondo, kule kwenye miinuko ya Kigoma. Huko kutengeneza kitu badala ya kununua kingine ni jambo la kila siku, na historia ya eneo lenyewe inazibana methali hizi zitoe majibu ambayo daftari la shule halikuwa nayo. Hoja yangu ni moja. Fasihi yetu imezoea kukisoma kiraka kama alama. Wakati mwingine ni alama ya umaskini, wakati mwingine ni alama ya uadilifu wa mhusika. Imesahau kwamba kiraka ni kazi, kuna mtu amekaa chini akakikata na kukishona. Na ukimsahau mtu huyo, unabaki na uchaguzi mbaya: umhurumie mwenye kiraka, au umpigie makofi.

Ukuta wa nani?

Tuanze na ufa, maana ndiyo methali inayopendwa zaidi. Wanaipenda wanasiasa, wanaipenda walimu wa nidhamu, wanaipenda wazee kwenye vikao vya harusi. Ukiitazama vizuri, inazungumza na mtu wa aina fulani: mtu mwenye ukuta, tena anayetarajia kuwepo siku ukuta huo utakapotaka kuanguka. Bila hayo mawili onyo lenyewe halina nguvu.

Sasa isome ukiwa Buha, nchi ya Waha. Wakati wa mkoloni Mkoa wa Kigoma ulifanywa ghala la vibarua. Wanaume walitoka huko kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao maalumu ya kuwakusanya, SILABU. Wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake. Manamba aliye shambani kwa mkataba hawezi kuziba ufa wa nyumba yake ya Heru au Muhambwe. Anayeuziba ni mke wake, mama yake, au mtoto aliyepanda juu ya kinu ili afikie. Methali inasema “usipoziba” kana kwamba mwenye nyumba na mwenye tope mkononi ni mtu mmoja. Kule kwa miaka mingi hawakuwa mtu mmoja.

Kisha ikaja Operesheni Kigoma, mwaka 1972. Watu waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika, kila mji na mgomba wake, wakahamishiwa kwenye vijiji. Hiyo ilikuwa kabla hata ya Novemba 1973, Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 kuishi vijijini kutakuwa lazima nchi nzima. Yaani nyumba uliyoiziba nyufa masika, unaambiwa kiangazi uiache. Kwa jambo hilo methali haina neno.

Halafu kuna kambi. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Nduta, wilayani Kibondo, ilikuwa kambi ya Warundi, ikafungwa, kisha Oktoba 2015 ikafunguliwa tena baada ya Burundi kuchafuka upya. Mtendeli nayo, ambayo siku hizi iko Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo, ikafunguliwa tena 2016, na 2021 ikafungwa, watu wakahamishiwa Nduta. Mtabila ya Kasulu ilifungwa mwisho wa 2012. Ukiupanga mlolongo huo unaona kwamba hata kambi zenyewe zimekuwa mitumba: zinavuliwa na huyu, zinavaliwa na yule. Na ndani ya kambi kuna kuta za turubai, na turubai nalo linachanika, nalo linazibwa.

Kwa hiyo kuziba ufa, kabla hakujawa busara ya kuokoa gharama, ni kuweka dau. Unayeziba unasema kwa mikono yako kwamba kesho utakuwa hapa. Kwenye miinuko ile dau hilo limepotea mara nyingi, kwa amri za watu wengine, na bado watu wanaziba. Methali haiwezi kutueleza kwa nini. Hiyo ni kazi ya riwaya, hadithi na tamthilia. Je, zimeifanya?

Vitabu vyetu vinavyotazama kiraka

Anayesifika zaidi kwa kusifu maisha ya kujibana ni Shaaban Robert. Katika *Utubora Mkulima*, kilichochapishwa 1968, miaka sita baada ya kifo chake, Utubora anaacha kazi ya mjini yenye mshahara na kwenda kulima. Anachagua kidogo kinachomtosha. Nakipenda kitabu hiki, na nadhani tunakidharau tunapokiita mahubiri tu, kwa sababu kuna ukaidi mzuri ndani yake: mtu anayekataa kupimwa kwa alichonacho. Lakini neno la kuangalia ni hilo hilo, anachagua. Utubora amepewa mlango wa pili, na thamani ya uamuzi wake inatoka kwenye mlango huo. Mkulima wa Kibondo anayevaa shati lenye viraka hakupewa mlango wa pili akaukataa. Ukimsoma kwa macho ya Utubora utampa sifa ambayo hakuiomba, na utamnyima sifa anayostahili, yaani shati lile limeshonwa vizuri.

Euphrase Kezilahabi alikwenda upande mwingine. *Kaptula la Marx*, tamthilia aliyoiandika miaka ya 1970 na ikachapishwa 1999, inamvika Rais Kapera kaptula la Marx, na kaptula lenyewe linampwaya. Ni dhihaka kwa viongozi waliovaa fikra za kuazima bila kujipima. Kichekesho hicho kinasimama juu ya jambo ambalo fundi cherehani yeyote wa soko la Kasulu analijua bila kusoma falsafa: nguo ya mwingine haikatazwi kuvaliwa, lakini kwanza inafumuliwa, inapunguzwa kiuno, inashonwa upya kwa mwili ulio mbele yako. Mitumba yote inapita hapo. Kosa la Kapera halikuwa kuvaa cha kuazima, kosa lilikuwa kuvaa kabla ya kupeleka kwa fundi. Nadhani tamthilia hii ingepata wasomaji wengi zaidi kama tungeifundisha kwa njia hiyo, badala ya kumwambia mwanafunzi “mwandishi anapinga Ujamaa” na kufunga kitabu.

Penina Muhando, kwangu mimi, ndiye aliyeingia moja kwa moja kwenye ugomvi wa methali. Tamthilia yake ya 1984 inaitwa *Lina Ubani*. Angalia alichofanya. Methali inasema la kuvunda halina ubani, yeye akafuta “hali” akaweka “li”. Nchi ilikuwa imetoka kwenye Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, taifa limeambiwa lifunge mkanda, sabuni na sukari na nguo zimeadimika, na wakati huohuo kuna waliokuwa wananenepa. Kusema “lina ubani” mwaka ule kulikuwa kukataa methali nzima kwa herufi chache. Kilichooza kina dawa. Ila dawa hiyo haianzi na mnyonge kuongeza kiraka kingine. Inaanza na kuuliza nani alichana. Hilo ndilo swali ambalo methali ya ufa haiulizi kamwe. Yenyewe inadhani ufa umejitokea.

Na kuna kitabu ambacho nusu ya wasomaji wangu walikisoma kidato cha tatu au cha nne: *Watoto wa Mama N’tilie* cha Emmanuel Mbogo, 2002. Umaskini wa nyumbani unawatoa watoto shuleni na kuwafikisha jalalani, Dar es Salaam. Jalala la Mbogo ni mahali pa hatari na aibu, na kwa mtoto ni kweli, hakuna haja ya kulipamba. Lakini kwa vile wanafunzi wengi wa Tanzania wamelisoma jalala hilo kwa ajili ya mtihani, wametoka na wazo moja kichwani: mtu anayetumia kilichotupwa ni mtu aliyeshindwa. Ukishafundishwa hivyo, utapita mbele ya fundi wa koroboi anayekata kopo la maziwa, usione ufundi, uone jalala.

Fundi yuko wapi?

Katika vitabu vyote hivyo kuna mwenye nguo, kuna mwenye shida, kuna mkosoaji wa wenye shibe. Fundi kama mhusika mkuu, mtu ambaye akili yake inafanya kazi mbele yetu ukurasa baada ya ukurasa, sijakutana naye katika riwaya za Kiswahili nilizosoma. Anapita. Anashona suti ya bwana harusi, analipwa, anatoka.

Kinachonishangaza ni kwamba mafundi wa ukanda huu wameandikwa, ila kwa Kiingereza na na mtafiti. Marc Sommers, katika *Fear in Bongoland* (2001), alifuatilia vijana wakimbizi wa Kirundi waliotoka kwenye makazi ya wakimbizi magharibi mwa Tanzania na kufanya kazi ya ushonaji Dar es Salaam kwa kujificha. Mtu anakaa kwenye cherehani mchana kutwa akiwa na hofu ya kutambuliwa kwa lafudhi yake, huku akirekebisha nguo za watu wasiojua yeye ni nani. Mwandishi wa riwaya anataka nini zaidi ya hapo? Na bado tumewaachia wanaanthropolojia.

Mtu atasema, ufundi hauna drama. Hebu tazama kuziba pancha. Kasulu na Kibondo ni nchi za vilima, na baiskeli kule hubeba ndizi, mihogo, madumu ya maji na magunia ya mkaa, mara nyingi mwenyewe akisukuma kwa miguu. Pancha ni jambo la kila siku. Fundi anatoa tyubu, anaijaza upepo, anaizamisha kwenye beseni la maji kipande kwa kipande, anasubiri mapovu. Akiona tundu haliwahi kuziba. Anapitisha vidole ndani ya tairi polepole kutafuta mwiba, kwa sababu kama mwiba bado umo, kiraka kitakuwa kazi bure kabla mteja hajafika mtoni. Ndipo anakausha, anasugua kwa msasa, anapaka gundi, na anangoja. Kungoja huko ndiko kunakomtofautisha na mwanagenzi. Gundi ikiwa mbichi kiraka kinateleza. Na kiraka chenyewe kimekatwa kwenye tyubu nyingine iliyokwisha kazi.

Hapo kuna kila kitu. Kuna dalili na kuna sababu ya dalili, na fundi haruhusu moja ijifanye nyingine. Kuna subira. Kuna cha zamani kinachoingia ndani ya kipya chake. Sisi wahakiki tunaita hayo “usomaji wa kina” tukiyakuta kwenye karatasi.

Au chukua kola ya shati. Kola huanza kuchakaa pale inapokunjika shingoni. Fundi anafumua mshono, anaitoa kola nzima, anaigeuza ili upande wa chini ambao haujaguswa na jasho uwe juu, anashona tena. Kazi hiyo ikifanywa vizuri haionekani. Mwalimu anasimama mbele ya darasa na shati la miaka mingi, na hakuna mwanafunzi anayejua. Kiraka tunachokiona kwenye vitabu ni kile kinachoonekana, kwa sababu mwandishi anataka tuone umaskini. Matengenezo bora kabisa yanayofanyika Kasulu ni yale ambayo huwezi kuyaona, na fasihi yetu haijajua namna ya kuandika kisichoonekana.

Tusije tukasifia shida

Kuna pingamizi, na ni zito. Je, huku si kuupamba umaskini? Siku hizi ukisema “kutengeneza” mtandaoni utaletewa vyungu vya Kijapani vilivyounganishwa kwa dhahabu, pamoja na maneno matamu kuhusu makovu. Ni vyungu vizuri. Lakini aliyeunganisha kwa dhahabu alikuwa na dhahabu.

Pingamizi hili lina nguvu zaidi kwa Nyarugusu na Nduta kuliko mahali pengine popote nchini. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 1998 mkimbizi anaishi ndani ya eneo lililotengwa na anahitaji kibali kutoka nje. Miaka ya 2018 na 2019 masoko ya kambini yalifungwa. Mtu asiyeruhusiwa kutoka kutafuta kipya, na asiye na soko la kununua kipya, anatengeneza cha zamani kwa sababu amezungukwa. Kopo la mafuta ya msaada likipasuliwa na kunyooshwa likawa mlango, lile kopo ni ushahidi wa akili ya mtu, na pia ni ushahidi wa alichonyimwa. Mwandishi akiandika la kwanza peke yake ameandika tangazo la shirika la misaada. Akiandika la pili peke yake ameandika ripoti. Vyote viwili tunavyo vya kutosha.

Na wenyeji wa nje ya kambi nao wasigeuzwe kuwa mandhari. Reli ilifika Kigoma mjini 1914, ndiyo maana watu wakapaita mwisho wa reli. Kasulu na Kibondo ziko mbali na hiyo reli, na kwa miongo mingi barabara ya kuelekea Nyakanazi ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Spea ya baiskeli iliyosafiri njia hiyo ilifika na bei ya safari yake. Ukikuta mtu anachomelea fremu mara ya tatu, usikimbilie kusema “watu wa huku wanajua kubana matumizi”. Uliza kwanza umbali. Tabia nyingi tunazoziita hulka za kabila ni hesabu za nauli.

Ndiyo maana nasema kiraka kisomwe kama kazi. Neno kazi linabeba mambo mawili ambayo alama haibebi. Kazi ina ustadi, kwa hiyo tunamheshimu anayeifanya. Na kazi ina malipo, kwa hiyo tunaweza kuuliza nani alipaswa kulipa na hakulipa. Ukimsoma manamba hivyo, ukamsoma mama aliyebaki akikandika ukuta hivyo, ukamsoma kijana wa Nduta na turubai lake hivyo, hutaangukia kwenye huruma wala kwenye makofi.

Gae

Nirudi kwa mfinyanzi, maana nimemwacha makusudi. Maana tuliyofundishwa ni kwamba anayetengeneza vitu vizuri mwenyewe havitumii. Ni methali ya kejeli, au ya masikitiko: muuza vyungu hana chungu. Tafsiri hiyo ni halali, na kwa manamba aliyekata mkonge usiokuwa wake inamkaa sawasawa.

Lakini methali haisemi mfinyanzi hana sahani. Inasema hulia gaeni. Kati ya watu wote kijijini, yeye ndiye anayejua kwa hakika gae linaweza nini: lipi litastahimili moto, lipi litapakulia ugali, lipi liwekewe kuku maji. Wengine wanaona chungu kimekufa. Yeye alikifinyanga, anajua udongo wake, anajua kimebakiza kazi gani. Anapokula gaeni anaweza kuwa anadhulumiwa, na anaweza kuwa ndiye mwenye ujuzi kuliko wote waliokaa mkekani. Mara nyingi ni yote mawili kwa mlo mmoja.

Tamthilia ya Muhando imetupa swali la nani alichana. Kezilahabi ametupa kaptula linalopwaya. Shaaban Robert ametupa mtu anayejua kiasi chake, na Mbogo akatuonyesha watoto waliosukumwa hadi jalalani. Tunachodaiwa sasa ni riwaya iliyokaa upande wa fundi, kule Kibondo au Kasulu, iliyoandikwa na mtu anayejua Kiha kinachosemwa chini ya Kiswahili cha sokoni, na anayejua kwamba gundi ya pancha haibandikwi ikiwa mbichi. Mwandishi huyo pengine yuko darasani sasa hivi, amevaa shati lililogeuzwa kola, anaandika kwenye daftari kwamba mfinyanzi hulia gaeni maana yake ni hii na hii. Mwalimu wake akimkosoa kwa kuandika maana ya pili, atakuwa amemkosea.